Gari Limelala Miezi, Sasa Haliwaki: Dalili, Chanzo na Dawa kwa Magari ya Mombasa

Mombasa imejaa magari yaliyolala. Baharia yuko melini, mwingine ana mkataba Qatar, mwingine kahamia bara na gari kaliacha Bamburi chini ya mkungu, funguo kwa shemeji. Mwenyewe akirudi, jambo la kwanza ni kuingiza ufunguo na kuzungusha. Mara nyingi hasara kubwa hutokea hapo, wala si katika ile miezi ya kulala: petroli iliyochacha inasukumwa mpaka kwenye nozeli zinazoipuliza injinini, waya uliotafunwa na panya unaunguza kompyuta, breki iliyoganda inavutwa kwa nguvu mpaka pedi inabanduka.

Hapa pwani usihesabu miezi peke yake. Hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, kaskazi huleta joto, masika ya Aprili na Mei huleta maji. Gari lililokaa miezi mitatu Nyali karibu na ufuo lisikushangaze likiwa na kutu kuliko la Nakuru lililokaa mwaka. Kwa hiyo anza na macho na pua, kisha mita ya kupima volti, ufunguo uwe wa mwisho.

Kabla ya kuzungusha chochote

Inama uangalie sakafu. Doa jeusi au la kahawia zito ni oili ya injini. Jekundu ni oili ya gia otomatiki au ya usukani. La kijani au la waridi, linaloteleza, ni kulanti, yaani maji ya dawa ya kupoza injini. Majimaji ya njano hafifu, yanayoteleza, karibu na gurudumu ni oili ya breki, na hapo gari haliondoki mpaka chanzo kijulikane. Ukisikia harufu kali ya petroli, usiwashe hata redio; kwanza tafuta paipu iliyopasuka.

Fungua boneti. Panya wa Mombasa hupenda juu ya injini na ndani ya boksi la filta ya hewa, na kiota chao hukijenga kwa makumbi, karatasi na sponji ya kiti chako mwenyewe. Fungua boksi hilo kwa mkono, usitosheke na kuangalia kifuniko. Fuata nyaya za nozeli, koili na sensa ya oksijeni mpaka mwisho, maana waya unaweza kuonekana mzima upande wa juu na kutafunwa upande wa chini. Nyigu nao huziba bomba la ekzosti na vitundu vya kutolea maji. Chungulia kwa tochi.

Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, na injini haizungushwi mpaka ijulikane yameingilia wapi. Oili iliyo safi lakini imezidi miezi 12 ibadilishwe pamoja na filta yake hata kama gari halikutembea kilomita moja, kwa sababu tindikali na unyevu hubaki humo ndani.

Gari lililolala zaidi ya mwaka lina kazi moja zaidi. Toa plagi zote, tia oili ya injini kijiko kimoja cha chai (mililita 5) katika kila silinda, liache saa chache, kisha zungusha injini kwa mkono ukitumia spana kwenye puli ya krenki (ile kubwa ya belti, chini ya injini), mizunguko miwili kamili, kwa mwelekeo wake wa kawaida. Ikigoma, usilazimishe. Ringi za pistoni zimeshikwa na kutu. Ongeza oili nyepesi, ngoja hadi kesho. Kabla ya kurudisha plagi, funika matundu kwa kitambaa na upige stata kidogo ili oili ya ziada itoke.

Taa hazitoki, au stata inagonga tak-tak-tak

Hii ndiyo inayoongoza, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Watu hununua betri mpya kabla hata ya kupima ya zamani.

Pima betri ikiwa imetulia, bila chaja, mita ikiwa kwenye volti 20 DC. Volti 12.6 kwenda juu, imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Chini ya 11.8 imekwisha, na ikiwa imekaa hivyo kwa wiki kadhaa, salfeti imegeuka chenga ngumu juu ya bamba zake na huenda isirudi.

Kwa nini imekwisha ilhali gari limezimwa? Alamu, kompyuta, saa na treka havilali. Gari lisilo na hitilafu huvuta miliampea 20 hadi 50 likiwa limefungwa. Chukua 50: kwa siku ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 45 inafika nusu kabla ya siku 19. Ongeza joto la kaskazi, ambalo huiharakisha betri kujimaliza yenyewe, uone kwamba wiki tatu hazihitaji maelezo mengine.

Ikiwa betri inakufa kwa siku tatu nne, kuna mwizi wa umeme. Mtafute hivi: fungua waya wa hasi, weka mita (soketi ya ampea 10) katikati ya kichwa cha betri na waya huo, funga milango, ngoja nusu saa kompyuta zilale. Usipige stata mita ikiwa hapo. Ikisoma zaidi ya miliampea 50, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ishuke. Mara nyingi utaishia kwenye redio iliyofungwa mtaani, alamu ya pili, au taa ya buti ambayo swichi yake imeshikwa na kutu.

Betri ya ampea-saa 45 ichajiwe kwa ampea 4 hadi 5, saa kumi au zaidi ikiwa tupu, mahali penye hewa, bila sigara wala jiko karibu, kwa sababu hutoa haidrojeni. Iache ilale usiku mmoja bila chaja, upime tena. Ikibaki 12.5 au zaidi, mpe mtu ufunguo, wewe tazama mita stata inapozunguka. Ikishuka chini ya 9.6, betri haina nguvu hata kama asubuhi ilisoma vizuri. Hapo ndipo ununue mpya.

Mita ikisema 12.6 na bado kimya, usiilaumu betri. Chumvi imekula maungio. Unga mweupe au wa kijani-buluu kwenye vichwa uoshe kwa bekingi soda vijiko viwili katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, brashi ya waya, kisha suuza, kausha, kaza kwa spana namba 10 na upake vaselini kwa juu. Halafu angalia mahali mafundi wengi wanapopasahau: waya wa athi unaotoka hasi kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, athi imeoza. Ifungue, isugue mpaka chuma king'ae, au weka waya mpya.

Mlio mmoja tu, *tak*, kisha kimya, huku taa za mbele hazififii, ni stata yenyewe: shaba za solenoidi (swichi yake ya sumaku) au brashi zake. Taa zikififia sana kwa mlio huo huo, ama betri ni dhaifu ama injini imekwama; rudi kwenye spana ya puli.

Kwa kuazima moto kwa gari la jirani: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima, nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini iliyokufa, mbali na betri. Acha gari la jirani liungurume dakika tano hadi kumi kwanza. Likishika, usidhani dakika kumi za kusimama zimejaza betri. Bado inataka chaja.

Gari la kubonyeza kitufe likidai halioni ufunguo, huenda kidude cha mkononi ndicho kilichokufa. Vingi hutumia betri bapa CR2032. Kishike kigusane na kitufe cha kuwashia, ubonyeze.

Haibridi, yaani magari ya petroli na umeme pamoja, zina hila yao. Betri ndogo ya volti 12 mara nyingi haiko chini ya boneti, iko butini au chini ya kiti cha nyuma, na ikifa gari lote linakuwa jiwe hata kama betri kubwa imejaa. Toyota Aqua au Prius huhitaji kuendeshwa angalau kila baada ya miezi michache, nusu saa au kilomita 16, ili betri kubwa isishuke kupita kiasi. Usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Ikiwa betri kubwa ndiyo iliyokwisha, hiyo si kazi ya chini ya mwembe.

Stata inazunguka vizuri, injini haishiki

Injini inataka petroli, moto na hewa. Baada ya kulala, petroli ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Petroli hupoteza sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka upesi, na inayobaki huungana na hewa ikawa gundi. Kwa joto letu, miezi mitatu hadi sita inatosha kuiharibu, hasa tangi likiwa robo. Chota kidogo kwenye chupa ya glasi. Nzuri ni nyangavu na ina harufu kali uliyoizoea sheli. Mbovu imegeuka rangi ya asali na harufu yake inakaribia vanishi. Ukiona tabaka limejitenga chini, hayo ni maji: hewa yenye unyevu ilipoingia tangini na kupoa usiku, ilijitoa jasho humo humo.

Ikiwa haijazidi miezi sita na harufu haijageuka, ongeza mpya, mbili kwa moja: lita 10 za zamani, lita 20 mpya. Imezidi mwaka, itoe yote. Kwa magari mengi madogo ya Kijapani kuna kifuniko chini ya kiti cha nyuma kinachofika kwenye pampu. Hapo hunyonywa kwa pampu ya mkono. Usinyonye kwa mdomo, petroli ikiteremka mapafuni hospitali haina njia ya mkato. Kazi hii ifanyike nje, betri imekatwa, jiko la mkaa la mama wa mahamri likiwa mbali. Badilisha filta ya petroli ikiwa inafikika.

Pampu je? Kwa Nissan na Mazda nyingi, ukifungua ufunguo bila kupiga stata utasikia mvumo wa sekunde mbili tatu nyuma. Toyota nyingi pampu huamka stata inapozunguka tu, kwa hiyo kimya chake si ushahidi. Weka sikio kwenye mdomo wa tangi mwenzako akipiga stata. Ikiwa kimya kabisa, anza na fyuzi na rilei. Pampu iliyogandishwa na gundi wakati mwingine huamka ukigonga chini ya tangi kwa nyundo ya mpira. Hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi. Itakufa tena.

Ukishapiga stata mara nyingi na kusikia harufu ya petroli mbichi, injini imezama. Kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, uishikilie hapo, piga stata sekunde tano hadi kumi. Kwa injini nyingi za nozeli, kompyuta husoma hivyo kama amri ya kufunga petroli na kupitisha hewa tupu. Isiposhika, toa plagi uzikaushe. Kila stata ya sekunde kumi ipumzishwe dakika moja, isije ikaungua.

Taa ya ufunguo ikimetameta haraka kwenye dashibodi wakati wa stata, immobilaiza (kinga ya wizi) haikubali ufunguo, na hapo hakuna petroli wala moto utakaokusaidia. Jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kuita mtu wa kompyuta.

Hilux, Hiace na jamaa zake wa dizeli wana ugonjwa tofauti. Dizeli haichachi upesi, lakini maji yakikaa chini ya tangi, vijidudu huota kwenye mpaka wa maji na dizeli na kutengeneza ute mweusi unaoziba filta. Legeza skrubu iliyo chini ya filta, mwaga mpaka dizeli safi itoke. Ukiona ute, tangi lioshwe. Kubadilisha filta peke yake ni kununua filta nyingine wiki ijayo. Baada ya kazi, toa hewa kwa pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu.

Imewaka, lakini

Sekunde chache za kugonga juu ya injini ni kawaida, oili haijapanda. Zikizidi sekunde kumi, au taa nyekundu ya oili ikabaki, zima. Ndiyo maana kwa gari lililolala sana ni vyema kuchomoa fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kupuliza petroli (au ya pampu ya petroli), na kuzungusha stata sekunde kumi mara mbili tatu kabla ya kuruhusu moto: oili inafika kwenye beringi kabla ya mzigo.

Moshi mweupe unaopotea baada ya dakika chache ni maji ya ekzosti. Mweupe mzito usiokwisha, wenye utamu puani, ni kulanti inaungua, yaani gasketi ya kichwa. Wa buluu unaotoka mwanzo na kupungua ni oili ya silinda au sili za valvu zilizokauka. Mweusi ni petroli nyingi mno. Angalia filta ya hewa.

Mlio wa kukwaruza mbele ya injini ukiwasha ni fanbelti kwenye puli yenye kutu. Ukinyamaza ndani ya dakika moja, sawa. Ukiendelea, zima ushike belti: ikiwa imepasuka mbavuni, ibadilishwe, usiipake sabuni.

Injini inanguruma, gari halisogei

Hendibreki iliachwa imevutwa. Bitana za breki za nyuma zimeshikana na drami kwa kutu, na kwa hewa ya chumvi wiki chache tu zinatosha.

Usikanyage mafuta kwa hasira. Legeza hendibreki, kisha jaribu kurudi nyuma taratibu, mbele taratibu. Mara nyingi utasikia mlio mkavu, *pa*, na gurudumu likaachia. Lisipoachia, pandisha gari kwa jeki kwenye ardhi imara, weka mawe kwenye magurudumu mengine, weka stendi (usilale chini ya jeki tupu), toa gurudumu. Gonga mzunguko wa drami kwa nyundo huku kipande cha mbao kikiwa katikati. Drami za Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili za M8, uzikaze kwa zamu robo mzunguko, drami itajisukuma nje yenyewe. Ndani utakuta unga mwekundu. Usiupulize kwa mdomo, ulowanishe ufute. Sugua bitana kwa msasa, paka grisi ya breki kidogo kwenye sehemu zinazosuguana chuma kwa chuma, wala isiguse bitana.

Diski za mbele zenye utando wa kutu ya chungwa hazina neno. Breki chache za polepole zitaisafisha. Kutu iliyochimba mashimo, au picha ya pedi iliyobaki imechorwa kwenye diski, itatetemesha pedali daima. Hiyo ni diski mpya, au kuchongwa ikiwa unene bado unazidi kipimo kilichochapwa kwenye diski yenyewe.

Gurudumu moja likiwa moto kuliko mengine baada ya safari fupi, pistoni ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) au pini zake zimekwama. Pini huokolewa kwa kusafishwa na grisi ya silikoni. Pistoni yenye vidonda vya kutu haiokolewi.

Pedali ikizama au kuwa laini, kuna hewa, au oili ya breki imekunywa maji. Oili hiyo hunyonya unyevu wa hewa: ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya hushuka hadi 140 hivi. Kwa Mombasa ibadilishwe kila miaka miwili, gari litembee lisitembee.

Gari la gia za mkono likikataa kuingia gia injini ikiwa inawaka, na kuingia bila shida ikiwa imezimwa, bamba la klachi limegandana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Tafuta uwanja mtupu. Pasha injini moto dakika kumi, zima, weka gia ya pili, kanyaga klachi mpaka chini, uwashe. Gari litaruka na kutembea. Klachi ikiwa bado chini, kanyaga mafuta na kuachia kwa mkupuo. Likiachana utalihisi. Mara tatu ikishindikana, giaboksi ishushwe kwa fundi.

Usukani unatetemeka, taa za onyo zinawaka

Tairi lililobeba uzito sehemu moja kwa miezi hupata ubapa. Litetemeke kilomita 15 hadi 30 za mwanzo kwa mwendo wa 60, likipata joto hurudi mviringo. Lisiporudi, limeharibika. Soma tarehe ubavuni: namba nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kwa mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye nyufa ubavuni halihitaji mjadala hata kama kashata zake (meno ya kukanyagia) ni mpya. Jua letu halijali kilomita.

Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ukifunga breki) hutokana sana na kutu kwenye sensa za magurudumu, na ya airbag mara nyingi na volti ndogo wakati wa kuwasha. Chaji betri kikamilifu, endesha kidogo, kisha ndipo uunganishe mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu. Ukisoma kabla, utapata orodha ndefu ya kodi za uongo na mtu atakuuzia sensa sita.

Siku ya kwanza zunguka mitaa ya karibu tu. Usilipeleke kivukoni Likoni. Gari likizima juu ya feri, foleni nzima ya nyuma itakujua kwa jina. Na angalia bima kabla hujagusa barabara, pengine iliisha wakati gari limelala.

Joto linapanda

Kama redieta ilijazwa maji tupu, kutu imeziba mirija. Kosa la hapa kwetu ni maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na Kisauni vina chumvi, na chumvi hiyo hula alumini ya kichwa cha injini na redieta. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya betri. Wanaosema Mombasa haina barafu kwa hiyo kulanti ya nini, wamesahau kwamba kazi yake kubwa hapa ni kuzuia kutu. Feni nayo ijaribiwe: washa AC, feni lazima izunguke. Kifuniko cha redieta hakifunguliwi injini ikiwa moto.

Harufu ya kuvu ndani

Kuvu ya usukani na mikanda ifutwe kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kisha ikauke juani milango wazi. Lakini inua kapeti kwanza. Ikiwa sponji ya chini imelowa, unatibu dalili. Maji huingia kwa vitundu vilivyozibwa na majani chini ya waipa, vifuniko vya plastiki sakafuni, au sili ya buti. Harufu inayotoka AC ikiwashwa ni filta ya hewa ya ndani ya gari, mara nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi. Usiweke bakuli la chumvi kufyonza unyevu kama watu wanavyoshauriana. Likimwagika umepanda kutu sakafuni.

Ukiliacha tena

Ile desturi ya kumwambia mlinzi awashe dakika tano kila Jumamosi iache. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Injini isiyofika joto lake huyaacha maji hayo kwenye ekzosti na oilini, na betri haipati ilichotumia. Ama liendeshwe nusu saa kila wiki mbili, AC ikiwa imewashwa dakika kumi ili sili za kompresa zipate oili, ama lisiguswe kabisa.

Lisipoguswa: jaza tangi, tia tairi upepo wa 40 psi (usipite kipimo cha ubavuni), osha chini na ndani ya madgadi kwa maji matamu ya bomba, kamwe si ya kisima, likauke kabisa. Funika kwa kitambaa kinachopumua. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani na upepo wa kusi ukilipiga husugua rangi. Usiegeshe chini ya mnazi, sababu unaijua. Fundi akitaka kukupakia oili chafu chini ya gari kuzuia kutu, kataa: hulainisha bushi za mpira na kumwagika ardhini. Grisi nyepesi au nta ya kuzuia kutu ipakwe juu ya chuma kilichosafishwa. Ukipaka lami juu ya kutu umeifunika iendelee kula.

Betri: chaja ndogo inayojizima yenyewe ndiyo bora. Hakuna stima hapo? Sola ya wati 10 yenye rigyuleta itafidia uvujaji wa kawaida gari likiwa juani. La sivyo ondoa waya wa hasi. Kabla ya hapo pigia kampuni ya treka, maana hupata taarifa umeme ukikatwa, na kumbuka redio nyingi zilizokuja na gari kutoka Japani hujifunga na kudai namba umeme ukirudi.

Hendibreki iachwe wazi, gia ya P au ya kwanza, mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Ziba mdomo wa filta ya hewa na ekzosti kwa wavu mdogo wa chuma. Kisha bandika karatasi katikati ya usukani: betri imekatwa, hendibreki iko wazi, wavu uko sehemu mbili, tairi zina 40. Anayekuja kuliwasha huenda asiwe wewe.